Nilivyobadilisha kontroli ya fowili kwenye Silverado yangu

Niseme ukweli tangu mwanzo: kontroli ya fowili, yaani kile kisanduku cha kompyuta kinachoamuru magurudumu yote manne yavute, niliiua mwenyewe. Bampa la nyuma la Chevrolet Silverado yangu ya 2004 lilikuwa limeliwa na chumvi, maana huku Minnesota barabara humwagiwa chumvi msimu mzima wa baridi, na chuma hakina pa kukimbilia. Jumamosi moja ya Novemba nikatoa mashine ya kuchomelea, nikaziba ufa kwenye bano la bampa. Kazi ya dakika kumi. Betri sikuichomoa. Fundi aliyenilea kazini pale Ngamiani, Tanga, angenizaba kofi. Kule hata kijana wa kushika tochi anajua gari likitaka kuchomelewa, kichwa cha hasi cha betri kinatoka kwanza, la sivyo umeme wa kuchomelea unaweza kuunguza kompyuta za gari.

Jumatatu ikaanguka theluji. Mimi hukwangua theluji kwenye maegesho ya maduka mawili Brooklyn Park, kwa hiyo saa kumi alfajiri nilikuwa ndani ya gari, jembe likiwa mbele. Nikabonyeza 4HI, kitufe cha fowili ya mwendo wa kawaida. Hakuna kitu. Vitufe vyote vya fowili, kushoto kwa usukani, vilikuwa giza, na kwenye dashibodi yakaandikwa maneno SERVICE 4WD. Injini inanguruma vizuri, gari linakwenda kwa magurudumu ya nyuma tu, linateleza kama mbuzi kwenye sakafu ya vigae.

Ukiuliza watu, wengi watakwambia, "Nunua kontroli." Usinunue bado. Kile kisanduku hakifi ovyo. Kinachokufa mara nyingi ni vitu vinavyokilisha umeme na vitu vinavyokipa taarifa, na vyote hivyo vinatoa dalili zinazofanana na za kontroli iliyokufa. Ukikimbilia kununua utakuwa na kontroli mbili nzima na gari lile lile bovu.

Anza na fyuzi, ni bure. Kwenye Silverado za miaka hiyo sanduku moja liko chini ya boneti na jingine ubavuni mwa dashibodi, upande wa dereva. Unaliona ukifungua mlango. Chini ya boneti tafuta iliyoandikwa TREC. Kule ubavuni angalia IGN 0. Usiitazame fyuzi kwa macho ukaridhika. Weka mita kwenye vile vinukta viwili vya mgongoni, ufunguo ukiwa umewashwa, uone kama umeme unafika pande zote mbili. IGN 0 ikikosa umeme ilhali fyuzi ni nzima, tatizo liko nyuma yake, na mshukiwa wa kwanza ni swichi ya ufunguo iliyochakaa ndani. Dalili yake ni kwamba ukiutikisa ufunguo kidogo, vitufe vinawaka na kuzima.

Halafu mashine ya kusoma makosa. Hapa watu wengi wanapotea: kile kidude cha bei rahisi kinasoma makosa ya injini tu, yale yanayoanza na P. Ya fowili yanaanza na C, kwa hiyo tafuta mashine inayoingia hadi kwenye chasi, hata ya kuazima. Ukikuta C0327, usiiguse kontroli. Hiyo ni sensa ya mkao iliyo kwenye mota ya transfa, ile gia ya chini ya gari inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. C0306 nayo ni saketi ya mota yenyewe. C0550 ndiyo inayosema kontroli imejikuta ina hitilafu ndani. Yangu haikutoa hata moja. Mashine iliongea na injini, ikaongea na breki za ABS, ilipofika kwa fowili ikakaa kimya kama imepiga simu kwa marehemu.

Kimya bado si ushahidi wa kutosha, kwa sababu kontroli isiyopata umeme au athi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri) nayo hunyamaza. Kwa hiyo nikaenda kwenye soketi yake. Kabla hujaingiza mkono chini ya dashibodi, zuia magurudumu kwa magogo au matofali, mbele na nyuma. Simaanishi mapambo. Transfa ya gari hili ina nyutro yake, na ikiwa imebaki hapo, hata ukiweka gia kwenye P gari litabingirika. Ng'oa kichwa cha hasi, kisha subiri. Mimi nilikunywa chai nzima. Chini ya usukani pana soketi za njano. Njano ni airbag. Usizichomoe, usizipime, usizisukume kwa kiwiko.

Paneli ya plastiki chini ya usukani imeshikwa na skrubu namba 7 upande wa chini. Ukizitoa, juu inavutwa tu kwa mikono kwa sababu imebanwa na vishikizo. Kwenye baridi kali plastiki hiyo inavunjika kama biskuti, basi washa hita ya gereji au kikausha nywele uipashe kwanza kabla hujavuta. Nyuma yake kuna bamba la chuma la kulinda magoti, nalo linatoka. Sasa lala chali, kichwa karibu na pedeli, tochi mdomoni. Kontroli iko upande wa kushoto wa nguzo ya usukani, kisanduku bapa kilichochomekwa kwenye bano lake. Unaminya kilimi, unakiteremsha, unachomoa soketi zake moja moja. Kila soketi ina kufuli. Anayevuta waya badala ya kufuli atajuta.

Rudisha kichwa cha betri, washa ufunguo, pima soketi zikiwa wazi. Unatafuta vitu viwili. Umeme wa betri, na mara hii usiamini mita peke yake, tumia taa ndogo ya kupimia, kwa sababu waya uliobaki uzi mmoja utaonyesha volti 12 safi kwenye mita lakini hautawasha taa. Kisha athi, ufunguo ukiwa umezimwa: mkono mmoja wa mita kwenye waya mweusi wa soketi, mwingine kwenye hasi ya betri, usome ohmu. Inatakiwa iwe karibu na sifuri. Ikisoma makumi, fuata ule waya hadi unapofungwa kwenye bodi. Huku kwetu chumvi huingia chini ya boliti ikageuza shaba kuwa unga wa kijani. Piga brashi ya waya, paka grisi, funga tena. Huenda kazi ikaishia hapo na pesa ikabaki mfukoni.

Kwangu umeme ulikuwepo na athi ilikuwa safi. Hapo ndipo nikakubali kwamba nimeiua mwenyewe. Nilipofungua kile kisanduku, kwenye bodi palikuwa na doa jeusi na harufu ya ukucha ulioungua.

Sasa kununua. Fungua kabati la mbele la abiria, utaona karatasi yenye vifupisho vingi vya herufi tatu tatu. Tafuta NP1 au NP8. NP1 ni fowili ya kubonyeza ya kawaida. NP8 ni ile yenye kitufe cha ziada cha AUTO. Kontroli zake si moja, hata kama soketi zinaingia. Kisha soma namba ya tarakimu nane kwenye kibandiko cha kontroli ya zamani. Kipya kinakuja kitupu, kinataka kuingiziwa programu kwa mashine ya wakala au ya fundi mwenye kibali nayo, na gharama hiyo uiweke kwenye hesabu mapema. Mimi nilikwenda yadi ya magari mabovu, ile unayoingia na spana zako mwenyewe, nikaipata kwenye Silverado iliyogongwa ubavuni, namba ile ile hadi tarakimu ya mwisho, dola 40. Ikakubali bila programu yoyote. Nakutahadharisha tu: ukiona gari la yadini limezama maji, pita, hata kama namba inafanana.

Kuifunga ni kurudi njia uliyokuja, na betri hasi ikiwa nje tena. Soketi zisikike zikilia tik. Usirudishe paneli bado. Rudisha betri, washa ufunguo bila kuwasha injini: taa zote za vitufe zinawaka kwa pamoja kidogo, kisha inabaki moja, 2HI, ya kuvuta kwa magurudumu mawili. Mimi nilipoiona ile moja nilipiga kelele hadi mke wangu akaja gereji akidhani nimepigwa shoti.

"Kumbe ni taa tu?" akauliza.

Ni taa tu, mama watoto.

Majaribio fanya kwenye theluji au changarawe, si kwenye lami kavu, kwa sababu 4HI kwenye lami kavu inasokota mashafti pale unapokata kona. Washa injini, bonyeza 4HI. Taa itapepesa wakati mota ya transfa inazunguka na ekseli ya mbele inajifunga, halafu itatulia. Kwa 4LO, fowili ya mwendo wa pole na nguvu nyingi, simamisha gari, au liache litambae taratibu kabisa, weka gia N, ndipo ubonyeze. Ikipepesa bila kutulia, rudi kwenye mashine ya makosa. Sasa kontroli ikiwa hai itakwambia nani mwingine anaumwa. Usibonyeze 2HI na 4LO kwa pamoja ukazishikilia kwa udadisi, maana hiyo ndiyo amri ya kuiweka transfa nyutro.

Yangu ilipepesa mara chache ikatulia. Nikafunga bamba la magoti, nikafunga paneli, ikabaki skrubu moja mkononi ambayo hadi leo sijui ilikuwa ya wapi. Ile ufa wa bano nayo ilikuwa haijashika vizuri. Nikairudia Jumapili, betri ikiwa imewekwa kabisa juu ya meza ya gereji, mbali na gari.