Mzee asianguke: anza na njia ya usiku ya kwenda chooni

Mzee akishaanguka mara moja, familia nyingi humwekea kiti kibarazani na kumwambia akae hapo, kila kitu ataletewa. Ni huruma, lakini huruma hiyo ndiyo inayomwangusha mara ya pili. Misuli ya mapaja isiyofanya kazi hupungua upesi, na siku wajukuu wako shuleni na haja haisubiri, ataamka peke yake kwa miguu isiyoweza kumbeba. Kinachotakiwa ni mzee aendelee kutembea, ila njia yake iwe salama. Jambo lenyewe si dogo: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na waliovuka miaka 60 ndio wanaoathirika zaidi.

Sababu za kuanguka mara nyingi hukutana kwa pamoja: giza, presha iliyoshuka, mkojo uliombana mtu na sakafu yenye maji. Zote hukutana usiku, kati ya kitanda na choo. Kama fedha na muda ni vya kazi moja tu, fanya hiyo kwanza.

Kutoka kitandani

Mwambie mzee akae ukingoni mwa kitanda. Nyayo zote mbili zitue chini kabisa na magoti yakunjike pembe mraba. Kwa watu wengi kimo hicho cha kitanda ni sentimita 45 hadi 50, godoro likiwa limebonyea. Samadari za zamani ni ndefu mno, seremala azikate miguu. Godoro lililolazwa sakafuni nalo humlazimu mtu atambae kabla ya kusimama. Ukitaka kuinua kitanda, usipange matofali chini ya miguu, yatasogea. Chongesha magogo yenye shimo la kuingiza mguu wa kitanda.

Kuamka kuwe kwa hatua. Akae kwanza, anyanyue na kushusha nyayo mara 20 ili damu ipande, asubiri kama dakika moja, kisha asimame akiwa ameshika kitu na ahesabu hadi kumi kabla ya kupiga hatua. Wazee wengi huruka hatua hii kwa sababu mkojo umewabana, kwa hiyo shughulikia mkojo pia. Maji anywe ya kutosha mchana, ayapunguze kuanzia jioni. Asiache kunywa kabisa, maana mwili uliokauka ndio unaoleta kizunguzungu. Kama anatumia dawa ya kutoa maji mwilini, muulize daktari kama anaweza kuimeza asubuhi badala ya jioni. Choo kikiwa nje, weka chumbani kiti cha mbao chenye tundu na ndoo yenye mfuniko chini yake. Wengine huona haya, basi mwachie mwenyewe achague kitakaa pembe gani, na pazia liwepo.

Taa isitegemee umeme wa gridi peke yake. Taa ndogo za betri au sola zinazojiwasha mtu akipita zinafaa sana, moja mlangoni na nyingine njiani. Tochi itundikwe kichwani mwa kitanda, mahali palepale kila siku. Kibatari hakifai: kinachukua mkono mmoja ambao ungeshika ukuta, na mtu akianguka nacho kuna moto juu ya mfupa uliovunjika.

Njiani ondoa mikeka inayokunjamana pembeni, nyaya za chaji, madumu ya maji na vigoda. Kizingiti kisichoweza kuondolewa kipakwe rangi nyeupe au ya njano. Kanga au kikoi kiishie juu ya kifundo cha mguu. Na kandambili ziachwe: hazishiki kisigino, na soli ikishalika huteleza kama sabuni. Katambuga za tairi zenye ukanda wa nyuma ni bora kuzidi viatu vingi vya dukani.

Choo na bafu

Sakafu iliyopigwa niru inapendeza sebuleni, lakini bafuni ni hatari. Ukijenga upya, mwambie fundi achore saruji mbichi kwa ufagio mgumu kabla haijakauka, na mteremko uelekee kwenye tundu la maji ili yasituame. Kama vigae vimeshawekwa, tandika mkeka wa mpira wenye matundu, si kipande cha boksi wala gunia. Utelezi wa kijani usugue kwa brashi na dawa ya klorini kila wiki. Usiichanganye na dawa nyingine ya choo, maana mvuke wake ni sumu.

Kishikio ndicho watu hukosea zaidi. Bomba la maji la chuma la inchi moja linatosha, kwa kuwa unene wake wa nje ni kama milimita 33 na hujaa vizuri kiganjani. Lisimame sentimita 4 hivi kutoka ukutani: nafasi ikizidi sana, mkono unaweza kupenya hadi kiwiko na kukwama mtu akiteleza. Kimo kipimwe kwa mzee mwenyewe, si kwa fundi: asimame na viatu, mikono ining'inie, alama iwekwe kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Penye kiti cha choo, weka kipande kingine pembeni, juu kidogo ya mapaja yake akiwa amekaa.

Tofali lenye tundu ndani halishiki bolti. Litoboe, jaza zege, acha likomae wiki moja, ndipo ufunge. Ukuta wa udongo haushiki kabisa, na usichimbe nguzo karibu na mdomo wa shimo la choo, kingo zinaweza kumomonyoka. Hapo njia ni kiti cha mbao chenye mikono ya kushikia, miguu yake minne ikiwa imetanuka nje kidogo, kikae juu ya tundu. Kiti cha plastiki kilichokatwa katikati hupasuka bila kutoa dalili. Vishikio vya kunyonya ukutani navyo huachia. Kabla mzee hajakitumia kishikio, mtu mwenye kilo 80 akivute kwa uzito wake wote.

Mlango ufunguke kwa nje. Aliyeanguka nyuma ya mlango unaofunguka kwa ndani huuzuia kwa mwili wake, na komeo la ndani linakamilisha balaa.

Choo cha nje kiwekewe reli ya mirunda njia nzima. Kamba haifai, hulegea pale hasa anapoiegemea.

Dawa na presha

Kusanya dawa zote anazotumia, pamoja na za dukani, mpelekee mfamasia au daktari kwenye mfuko mmoja. Zinazoangusha zaidi ni za usingizi na wasiwasi kama diazepamu, amitriptilini (dawa ya sonona na maumivu ya neva), dawa za mafua na mzio zinazolaza kama klofeniramini, dawa za presha zikiwa nyingi pamoja, na baadhi za tezi dume. Glibenklamidi ya kisukari inaweza kushusha sukari mno, hasa asipokula. Asiache dawa yoyote kwa uamuzi wa jirani. Diazepamu ikikatwa ghafla huleta matatizo yake.

Mashine ya presha ikiwepo, alale dakika 5, pima. Asimame, pima baada ya dakika 1 na tena baada ya dakika 3, mtu akiwa pembeni kumshika. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, andika na umpelekee daktari. Kipimo hiki mara nyingi hurukwa kliniki zenye foleni, basi kiombe. Anayepata kizunguzungu kila akiinuka kutoka sijda aswali kitini, asiyeweza ameruhusiwa. Ratiba ya dawa za Ramadhani ipangwe kabla mwezi haujaandama.

Macho pia yapimwe. Kutolewa mtoto wa jicho, hasa kwenye jicho la kwanza, kunapunguza kuanguka. Miwani yenye sehemu ya kusomea chini huifanya ngazi ionekane ukungu, kwa hiyo asishuke nayo.

Miguu

Hapa ndipo penye ushahidi mzito. Uchambuzi wa tafiti uliotolewa na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, mwaka 2019 ulionyesha kuwa mazoezi hupunguza idadi ya kuanguka kwa asilimia 23 hivi, na yanayofanya kazi ni ya usawa na nguvu za miguu. Kutembea tu hakutoshi.

Pima kwanza. Kiti kigumu kisicho na mikono, mgongo wake ukiegemea ukuta, mikono ya mzee ikiwa kifuani: asimame na kukaa kwa sekunde 30. Mwanamke wa miaka 70 hadi 74 asiyefikisha mara 10, au mwanamume wa umri huo asiyefikisha 12, ana miguu dhaifu. Asiyeweza kusimama sekunde 10 kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma yuko hatarini.

Siku tatu kwa wiki, karibu na meza nzito:

1. Kusimama na kukaa kitini mara 10, pumzika, rudia. Akishindwa, aongeze mto chini, akizoea, autoe.
2. Kunyanyuka kwa vidole vya miguu mara 10, kisha kwa visigino.
3. Kutoa mguu pembeni mara 10 kila upande.
4. Kusimama mguu mmoja mbele ya mwingine sekunde 10, vidole viwili vya mkono vikigusa meza, baadaye kimoja, baadaye hakuna.

Asipoyumba hata kidogo, zoezi ni jepesi mno. Na misuli haijengwi kwa ugali na mchicha tu: maharage, mayai, maziwa au dagaa viwepo kila siku.

Mkongojo ukatwe kwa kipimo kilekile cha mkunjo wa kifundo cha mkono, uwe na mpira chini, ushikwe upande ulio kinyume na mguu mbovu. Kupanda ngazi mguu mzima hutangulia, kushuka hutangulia mbovu.

Akianguka

Usimvute kwapani. Muulize maumivu yako wapi. Mguu mmoja ukionekana mfupi na umegeukia nje, au kinena kinauma, huenda nyonga imevunjika: asisimamishwe, abebwe kwenye ubao, mto kati ya miguu. Aliyegonga kichwa na anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, apelekwe hospitali hata akisema yuko sawa.

Kama hajaumia, ajigeuze ubavu, apige magoti na mikono, aegemee kiti kilichowekwa mbele yake, atangulize mguu wenye nguvu na kujisukuma. Wewe msogezee kiti cha pili nyuma akae. Mfundisheni hili mapema, juu ya godoro. Kisha andika saa, mahali, alichokuwa akifanya na dawa ya mwisho aliyomeza, kwa kuwa daktari atayauliza hayo kabla ya yote.