Jinsi ya Kumchukua Mbwa au Paka Aliyeokolewa, Akae Kwako Asirudi Kizimbani

Nimejitolea kwenye vituo vya kuokoa wanyama kwa miaka mingi. Nilianza kwa kuosha sakafu na kutembeza mbwa, baadaye nikawekwa kuwapokea watu wanaokuja kuchukua mnyama wa kufuga. Wengi kati ya wanyama niliowaona wakichomwa sindano ya kifo hawakuwa wagonjwa wala wakali. Ni kwamba tu jioni ile vizimba vilikuwa vimejaa, na mlangoni kuna mtu kaacha boksi la watoto wa paka.

Kwa hiyo ukimchukua mmoja unakuwa umewaokoa wawili, yule uliyeondoka naye na yule anayepewa nafasi yake. Ukimrudisha baada ya wiki mbili, nafasi ile imepotea, na safari hii kadi yake imeandikwa "amerudishwa". Wageni wakilisoma neno hilo hupita moja kwa moja kwenda kizimba kinachofuata. Ndiyo maana humu sitakaa sana kwenye namna ya kuchagua. Kazi kubwa iko kwenye namna ya kuishi naye miezi ya mwanzo.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla hujaenda kumwona

Usiende "kuangalia tu". Ukishamtazama machoni hutapiga hesabu tena, utamchukua. Kaa kwanza na kila mtu unayeishi naye, watoto wakiwemo, mjibu pamoja. Mbwa wengi huishi kati ya miaka 10 na 13, na paka wa ndani anaweza kufika 15 au zaidi. Nani atamtunza mkisafiri? Atabaki peke yake saa ngapi kwa siku? Kuna mtu anayebanwa na kifua au kuwashwa akikaribia manyoya? Kama nyumba ni ya kupanga, pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Nimepokea mbwa wazuri kabisa waliorudishwa kwa sababu hiyo moja tu.

Kama mchana kutwa uko kazini, achana na mtoto wa mbwa. Anahitaji kutolewa nje kukojoa kila baada ya saa mbili hivi. Chukua aliyekomaa, ambaye ukubwa wake na tabia zake zinaonekana tayari.

Hatua ya 2: Uliza yasiyoandikwa kwenye kadi

Mbwa unayemwona nyuma ya nondo siye utakayeishi naye. Kizimbani kuna kelele usiku na mchana na harufu za wenzake wenye hofu. Mpole hubweka mpaka sauti inakauka, mchangamfu hujikunyata kwenye kona. Omba mhudumu akupeleke naye mahali tulivu. Kaa chini, mgeuzie ubavu, usimkodolee macho, umwache aje mwenyewe. Jipe dakika 20, na ukiweza rudi siku nyingine, maana mara ya pili ndiyo inayokuonyesha zaidi.

Kisha uliza: alifikaje hapa? Amewahi kuishi na watoto, au na paka? Amewahi kung'ata, na ilikuwaje? Amepata chanjo zipi, na lini? Ameshahasiwa? Anakula chakula gani? Amewahi kurudishwa, na sababu ilikuwa nini? Kwa paka, uliza kama amepimwa virusi vya leukemia ya paka na virusi vya upungufu wa kinga vya paka, ambavyo havimwambukizi binadamu. Paka mwenye virusi hivi vya pili anaweza kuishi miaka mingi na vizuri akitunzwa ndani, kwa hiyo ukiambiwa anavyo, hilo lisikufukuze mara moja.

Na nina ombi. Kabla hujaondoka, sema: "Nionyesheni aliyekaa hapa muda mrefu kuliko wote." Watoto wa mbwa na wa paka hupata watu wenyewe. Vizimba vikijaa, anayekuwa hatarini kwanza ni mzee, mwenye jicho moja, au yule mwoga asiyesogea mbele mgeni akipita.

Hatua ya 3: Andaa chumba kimoja

Nyumba nzima ni kubwa mno kwa mnyama mwenye hofu. Tenga chumba kimoja au kona tulivu isiyopitwapitwa na watu. Weka maji, mahali pa kulala na mahali pa kujificha. Boksi lililolazwa ubavu linatosha. Paka mwekee trei ya mchanga mbali na chakula chake, kwa sababu paka hapendi kula karibu na anapojisaidia.

Halafu piga magoti utazame nyumba kutoka kimo chake. Ondoa sumu ya panya na dawa zote za binadamu. Kidonge kimoja cha paracetamol kinaweza kumuua paka. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrin nayo inaweza kumuua, hata ikipakwa kiasi kidogo mgongoni. Chokoleti, vitunguu, zabibu na peremende zenye xylitol (kiungo cha utamu kinachotumiwa badala ya sukari) ni sumu kwa mbwa. Maua ya yungiyungi huharibu figo za paka, na hata chavua anayoilamba kwenye manyoya yake inatosha. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha kali, usimpe.

Hatua ya 4: Safari ya kwenda nyumbani

Wengi wanaopotea hupotea siku za kwanza. Mlango wa gari unafunguliwa, kitu kinaanguka kwa kishindo, mbwa anachomoka kwenye kola na kutokomea, na mahali hapo hapajui. Mfunge kamba mbili, moja kwenye kola na nyingine kwenye hanesi ya kifuani, uzishike zote. Paka asafiri ndani ya kikapu kinachofungwa, kifunikwe kitambaa, na kisifunguliwe mpaka uwe ndani ya chumba chake na mlango umefungwa.

Mkifika, mbwa apelekwe kwanza mahali pa kukojoa, ndipo aingie ndani. Majirani wasije kumtazama siku hiyo. Mpe chakula kilekile alichokula kituoni, na ukitaka kubadilisha, changanya kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10. Tumbo la mnyama mwenye wasiwasi huharibika upesi.

Hatua ya 5: Siku 3, wiki 3, miezi 3

Watu wa vituoni hutumia hesabu hii. Siku 3 za kwanza anakuwa kama aliyepigwa bumbuwazi: hapati usingizi, hali chakula vizuri, pengine hata mkia hausogei. Ndani ya wiki 3 anaanza kuelewa saa za nyumba yako, na hapo ndipo tabia zake halisi zinapojitokeza, nzuri na zinazochosha. Inafika miezi 3 ndipo anaanza kuamini kwamba hapa ni kwao. Wengine huchukua muda zaidi.

Kulikuwa na mbwa jike wa rangi ya kahawia niliyemkabidhi kwa familia moja yenye moyo mzuri kabisa. Siku ya 4 wakamrudisha. Walisema hana upendo, amekaa nyuma ya kabati tangu afike. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimewaeleza chakula na chanjo, lakini sikuwaambia kwamba kukaa nyuma ya kabati siku 4 ni jambo la kawaida. Baadaye akachukuliwa na mama mmoja mzee. Kila jioni mama yule alikaa sakafuni, akampa mbwa mgongo, akasoma kwa sauti. Hakumwita, hakunyoosha mkono. Siku ya 9 mbwa alitoka, akalaza kidevu juu ya mguu wake. Ni mbwa yuleyule, na siku 5 tu ndizo zilizowatenganisha na wale wa kwanza.

Basi wiki hizi usimvute atoke alikojificha. Mlishe, mtoe nje na mlaze saa zilezile kila siku, kwa sababu kinachomtuliza ni kujua kitakachofuata. Akikojoa ndani, safisha na umtoe nje mara nyingi zaidi; ukimgombeza atajifunza kukuficha tu. Akinguruma ukimkaribia, simama, rudi nyuma. Kunguruma ni onyo, na mbwa anayeadhibiwa kwa kutoa onyo hujifunza kung'ata bila kuonya. Usimwondolee bakuli anapokula "ili azoee". Pita mbali kidogo umrushie kitu kitamu, ili mtu kukaribia bakuli iwe habari njema kwake.

Watoto wasiachwe naye peke yao hata dakika moja, na wafundishwe kutomgusa akiwa anakula, amelala au amejificha. Kama una wanyama wengine, watenge kwa siku 14 hivi. Magonjwa kama parvo na distempa yanaweza kuwa mwilini kabla ya dalili kuonekana, na virusi vya parvo huweza kubaki sakafuni au udongoni kwa miezi mingi. Katika siku hizo badilishana matandiko yao, wajuane kwa harufu kabla ya kuonana.

Paka asiyekula kabisa kwa saa 24 hadi 48 apelekwe kwa daktari, hata kama unadhani ni huzuni ya ugeni tu. Paka akikaa na njaa siku kadhaa ini lake hujaa mafuta, na ugonjwa huo unaua.

Hatua ya 6: Kwa daktari wa mifugo, wiki ya kwanza

Nenda na karatasi zote za kituo. Ataangalia meno, masikio, ngozi, kupe na viroboto, na atakupa dawa ya minyoo. Mtoto wa mbwa huanza chanjo akiwa na wiki 6 hadi 8, kisha hurudiwa kila wiki 2 hadi 4 mpaka afike wiki 16. Wengi huishia katikati, na hao ndio ninaowaona wakifa kwa parvo. Akiwekewa chipu chini ya ngozi, hakikisha namba yako ya simu imesajiliwa. Chipu isiyosajiliwa haitamrudisha kwako akipotea.

Chanjo ya kichaa cha mbwa haina mjadala. Ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, na hadi asilimia 99 ya walioambukizwa walipata kwa mbwa. Hofu hiyo ndiyo inayotumiwa kuhalalisha kuwapiga risasi au kuwatilia sumu mbwa koko. Lakini kuwaua hakujawahi kuumaliza ugonjwa: nafasi yao hujazwa na wengine wasiochanjwa. Kinachoukata ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo. Ukiumwa na mnyama yeyote, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya 7: Mfunge kizazi

Hapa ndipo vifo vinapopungua kwa kweli. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu, hubeba kwa siku 63 hadi 65, na anaweza kushika nyingine akiwa bado ananyonyesha. Kila mtoto asiye na mahali pa kwenda ataishia mtaani au mlangoni kwa kituo. Na si kweli kwamba jike lazima azae mara moja ndiyo awe na afya. Mbwa jike aliyefungwa kizazi kabla ya kuingia joto la kwanza hupunguziwa sana hatari ya uvimbe wa matiti. Umri unaofaa upange na daktari, kwa sababu mbwa wa maumbo makubwa mara nyingi husubiri zaidi. Dume naye, baada ya kuhasiwa, azuiwe asikutane na majike kwa wiki kadhaa, maana mbegu zilizobaki bado zinaweza kutunga mimba.

Kwa paka wa mitaani wasioshikika, wakamatwe kwa mtego wa kizimba, wafungwe kizazi, wachanjwe na warudishwe walipotoka. Ncha ya sikio moja hukatwa paka akiwa kwenye usingizi wa dawa ili ajulikane kwa mbali kwamba huyu ameshashughulikiwa.

Juhudi hizi zikiunganishwa na watu kuchukua wanyama vituoni, namba hushuka. Nchini Marekani, shirika la kutetea wanyama la ASPCA lilikadiria kwamba wanyama waliouawa vituoni walipungua kutoka milioni 2.6 mwaka 2011 hadi kama 920,000 mwaka 2019. Hao 920,000 bado ni wengi mno.

Hatua ya 8: Ukiona inashindikana

Piga simu mapema, wiki ya kwanza unapoona tatizo, kabla hujachoka. Mambo mengi hutatulika kwa ushauri wa nusu saa. Usimtupe wala usimpe mtu usiyemjua barabarani. Ikibidi arudi, andika ukurasa mzima: analala saa ngapi, anaogopa nini, hufanya nini mlango ukigongwa, anampenda nani nyumbani. Yule jike wa kahawia alirudi na maneno mawili tu, "hana upendo". Wangeandika "usiku tukilala hutoka kunywa maji", ningejua mara moja kwamba alikuwa anajaribu.

Na kama hesabu ya hatua ya 1 imekukatalia, uliza kituo kama wanahitaji mtu wa kumhifadhi mnyama kwa muda. Huwa wanahitaji karibu siku zote: paka anayenyonyesha, mbwa anayepona kidonda, mzee anayekosa usingizi kwa kelele. Ni wiki 2 au 6, chumba kimoja, na kizimba chake kinabaki wazi kwa wa leo jioni.