Jinsi ya kutumia "intangible" bila kujikwaa

Mwongozo huu ni wa wanaoandika mpango wa biashara au maombi ya ufadhili kwa Kiingereza. Umetokana na rasimu ya mpwa wangu anayesomea uhasibu, iliyojaa "untouchable assets" pale alipotaka kusema "intangible assets", yaani mali zisizoshikika.

Hatua ya 1. Tamka in-TAN-ji-bol. Andika "an intangible asset", si "a".

Hatua ya 2. Achana na majirani zake. "Untouchable" ni kigogo asiyefikiwa na mkono wa sheria. "Immaterial" ni baya zaidi: ukiandika "immaterial losses", mfadhili ataelewa kwamba hasara yenyewe si lolote.

Hatua ya 3. Jua unamwandikia nani. Hapa ndipo tulipokesha.

Kwa wahasibu, kutoshikika peke yake hakutoshi. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 38, kinataka mali iwe haina umbo, itambulike yenyewe, na isiwe ya kifedha. Hataza (haki ya mvumbuzi), hakimiliki na leseni ya programu zimo. Salio la benki hulishiki, lakini ni fedha, kwa hiyo halimo. Deni unalomdai mteja vivyo hivyo. Halafu kuna jina la biashara. Ulilolijenga mwenyewe kwa jasho lako haliingii kwenye mizania, ila ukilinunua kwa mwingine linaingia. Mpwa wangu alibisha mpaka chai ikapoa, lakini ndivyo kiwango kinavyosema.

Kwa watu wa utamaduni, neno la kushika ni "intangible cultural heritage", la mkataba wa UNESCO wa 2003. Tazama Kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda huko pwani ya Kenya: misitu yenyewe iliingia Urithi wa Dunia mwaka 2008, na mila za Kaya zikaingia mwaka 2009 kwenye orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kulindwa haraka. Ila usikimbilie kufuta ngoma na mavazi kwenye maombi yako eti kwa sababu vinashikika. Mkataba huo unahesabu pia vyombo vinavyoandamana na mila.

Hatua ya 4. Nunua kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza yenye sentensi za mifano. Tafsiri ya simu itakupa "isiyoshikika" na kukuacha njia panda.

Hatua ya 5. Kwenye barua ya mapenzi, usilitumie kabisa. "Love" inatosha.