Ukiachiwa mbwa wa jirani likizo ya Juni

Wenye mbwa wengi hapa Mbeya wakisafiri hukuachia unga na namba ya simu tu. Omba na kadi ya chanjo. Kichaa cha mbwa hakina tiba dalili zikishaanza, kwa hiyo kama chanjo imepitwa na muda, mwenyewe ampeleke kwa daktari wa mifugo kabla hajaondoka.

Siku za mwanzo ndizo ngumu. Mbwa aliyeletwa kwako atatafuta njia ya kurudi kwao, na ile barabara ya malori ya Tunduma haina huruma. Usimfungulie usiku mpaka akuzoee. Mtembeze kwa kamba. Omba pia fulana ya mwenyewe ambayo haijafuliwa, umtandikie: harufu ile humtuliza. Ila kama mnakaa jirani, kwangu mimi bora abaki kwao, wewe uwe unakwenda asubuhi na jioni.

Chakula kisibadilike ghafla. Kazoea ugali wa dona na dagaa? Mpe huohuo. Vitunguu na mifupa ya kuku iliyopikwa, hapana. Okota na kokwa za parachichi chini ya mti, zinaweza kumkaba.

Baridi ya Juni ni kali: banda liwe na majani makavu, na liinuliwe kidogo kutoka ardhini.