Namna ya kupiga filamu ya taharuki ndani ya bedsita ya Umoja

Anza na sauti, kamera itafuata. Mimi kazi yangu ni sauti, kwa hiyo utasema navutia kwangu, lakini itazame Kimi ya Steven Soderbergh, ya 2022. Mwanamke wa Seattle anayeogopa kutoka nje anasikiliza rekodi za spika inayoitikia amri, na humo anasikia uhalifu. Bila sikio lake hakuna hadithi.

Mwanamke wako wa Umoja, Nairobi, asieleze kwa nini hatoki. Mwonyeshe akimteremshia mama mboga mfuko kwa kamba kutoka dirishani, ameshalipa kwa M-Pesa. Inatosha. Mchana huohuo, mtazamaji azoee komeo la mlango, nondo za dirisha na kile kidude cha kuingizia tokeni za stima ukutani.

Spika ya bei usiihangaikie, kidude hicho ndicho chombo chako. Usiku taa yake nyekundu inaanza kuwaka na kuzima, uniti zinaisha, stima inakatika. Waifai imekufa. Dirisha la jirani bado linawaka, na hapo ndipo mtazamaji anajua ni yeye peke yake aliye gizani. Simuni ana ujumbe wa tokeni: tarakimu 20. Azibonyeze zote huku mtu akipanda ngazi, nawe usikate hata mara moja. Akikosea ya kumi na saba, aanze upya. Kila kitufe kinalia, na aliye nje anasikia. Kama chako hakilii, mlio utauweka wakati wa kuhariri. (Na kitie betri mpya. Vya ploti nyingi vimekufa kitambo na watu hawana habari.)

Piga kati ya saa nane na saa kumi usiku, kabla matatu hazijaanza honi. Friji izime, kisha weka funguo zako ndani yake ili usiondoke bila kuiwasha. Halafu kila mtu asimame kimya, urekodi ukimya wa chumba kwa sekunde 60. Waigizaji watanung'unika. Waache wanung'unike ukishamaliza, maana bila kimya hicho cha kujazia mapengo ukihariri, kila mkato utasikika.

Mwishowe isikilize kwa spika ya simu, si hedifoni pekee, kwa kuwa wengi wataitazamia huko. Nyayo za ngazini zisiposikika, zipandishe sauti.