Somo: Jinsi ya Kupishana Salama na Farasi na Watembeaji Njiani

Somo hili ni la wanachama wote wa chama chetu cha waendesha baiskeli wanaotumia mapito ya Menengai (mlima wa volkeno wenye kreta, yaani shimo kubwa, karibu na Nakuru), barabara za vumbi za kandokando ya Ziwa Naivasha na zile za Hifadhi ya Hell's Gate, ambako mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli. Njia inapobana, hatari kubwa hutokana na kila mmoja kudhani kwamba mwenzake amekwisha kumwona.

Hatua ya kwanza ni kujua nani anampisha nani. Mwendesha baiskeli huwapisha watembeaji na farasi, na mtembeaji humpisha farasi. Baiskeli mbili zikikutana mlimani, anayeshuka humpisha anayepanda. Baiskeli husimamishwa kwa vidole viwili juu ya breki, lakini farasi mwenye kilo mia nne na zaidi akishtuka, hata mpandaji hodari huzidiwa nguvu.

Hatua ya pili ni kupunguza mwendo kabla ya kona, wala si ndani yake. Vumbi laini la Menengai halina mshiko, na ukibana breki ya mbele ghafla gurudumu huteleza na kukuangusha. Mwendo unaofaa ni ule unaokuwezesha kusimama ndani ya nusu ya umbali unaouona, kwa sababu nusu ya pili ni ya yule anayekuja.

Hatua ya tatu ndiyo kiini cha somo, nayo ni sauti. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa, hivyo huona karibu pande zote isipokuwa mbele kabisa ya paji lake na nyuma kabisa ya mkia. Yeye ni mnyama wa kuwindwa, na kitu kinachomjia kwa kasi na kimya kutoka nyuma hukihesabu kuwa adui. Kwa hiyo, ungali mita thelathini hivi, punguza mwendo na useme kwa sauti ya kawaida, "Habari za asubuhi, niko nyuma yenu na baiskeli." Sauti ya mtu humjulisha farasi kwamba huyu ni binadamu, jambo ambalo kengele haiwezi kulifanya, kengele ipigeni kwenye kona, msiipige karibu na farasi. Subiri mpandaji akuambie upite upande gani, shuka, sukuma baiskeli ukiendelea kuzungumza, na ujitenge na miguu ya nyuma kwa mita tatu au zaidi. Tazama masikio yake: yakilazwa nyuma kabisa, simama papo hapo.

Mkikutana ana kwa ana, kikundi kizima kisimame upande mmoja ili farasi asipite katikati ya watu. Kwenye mteremko, simameni upande wa chini, kwa maana farasi huogopa zaidi kitu kilicho juu yake. Ukingoni mwa Menengai kanuni hiyo haifai, kwani kuta za kreta zinashuka mamia ya mita. Hapo rudini nyuma hadi penye upana, hata ikiwa ni mwendo wa dakika tano, ili farasi asilazimike kupita kati yenu na ukingo huo.

Miavuli ikunjwe, makoti ya mvua yasipeperuke, mbwa afungwe kamba, na asiwepo anayejificha kichakani kwa kudhani anasaidia.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Je, punda wanaovuta mikokoteni ya maji nao ni kama farasi?
Jibu: Marahaba. Ndiyo, wapishe vivyo hivyo. Punda akiogopa mara nyingi hugoma kuliko kukimbia, na huweza kupiga teke. Mkokoteni wake kwa kawaida hauna breki, kwa hiyo usisimame mbele yake kwenye mteremko.

Swali: Naweza kuvaa vipokea sauti katika sikio moja tu?
Jibu: Hapana. Vitoe vyote viwili.

Swali: Mbona wajibu wote ni wetu? Mpandafarasi hana lake?
Jibu: Analo, tena kubwa. Aitikie salamu, aseme mapema kama farasi wake ni mgeni wa njia, na apite kwa mwendo wa kutembea. Asianze kukimbia kabla farasi wa mwisho katika msafara hajawapita watu.

Swali: Farasi akimwangusha mpandaji na kutoroka, nimfuate kwa baiskeli?
Jibu: Usimfuate, maana utamzidishia hofu. Mhudumie mtu kwanza: asiinuliwe, kofia yake ngumu isivuliwe, na umsihi asigeuze shingo. Piga simu 999 au 112, na umtume mwenzako awatahadharishe walio mbele kwamba kuna farasi asiye na mpandaji anayeelekea kwao.