Jinsi ya kuomba mkopo wa nyumba upangwe upya kabla ya mnada

Marejesho ya mkopo wa nyumba yakianza kukushinda, mwandikie mkopeshaji kabla hajakuandikia yeye. Notisi ya kuuza nyumba iliyowekwa rehani ina siku zake, na kila siku unayoipoteza ukingoja mambo yatengemae ni siku utakayoitafuta baadaye.

Amua kwanza unaomba nini, maana "naomba msaada" hakuna fomu yake. Ikiwa kipato kimeyumba kwa miezi michache tu, omba kupunguziwa au kusitishiwa marejesho kwa muda, ukijua kwamba riba haiendi likizo. Ikiwa kimeshuka moja kwa moja, omba mkopo upangwe upya, yaani malimbikizo yaingizwe kwenye deni, muda urefushwe au riba ishushwe. Lakini piga hesabu kabla ya kushukuru: kwa riba ya asilimia 12, kurefusha muda uliobaki kutoka miaka 15 hadi 25 hupunguza rejesho la mwezi kwa takribani asilimia 12 tu, huku jumla utakayolipa ikipanda kwa asilimia 46. Ikiwa hata rejesho jipya hulimudu, omba kibali cha kuiuza nyumba mwenyewe, kwa kuwa mnadani bei huwa ya chini. Na bei isipofikia deni, hakikisha msamaha wa kinachobaki umeandikwa, usije ukawa huna nyumba na bado unadaiwa.

Fomu yenyewe haina taabu. Taabu iko kwenye viambatisho, na hapo ndipo nilipoumia. Taarifa yangu ya benki ilikuwa na kurasa saba, na ya saba haikuwa na kitu ila maneno "mwisho wa taarifa", nikaona kuichapa ni kuharibu karatasi. Faili likalala wiki tatu likiitwa pungufu bila mtu kunipigia simu, na nilipoupeleka ukurasa huo mtukufu nikaambiwa kwamba sasa hati zangu za mshahara zimepitwa na wakati. Kwa hiyo ambatisha kila ukurasa, hata mtupu. Hakikisha kipato ulichotaja kwenye barua kinalingana na hati ya mshahara. Gongesha muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Na baada ya siku chache uliza kwa maandishi kama faili limekamilika. Afisa anayekwambia "liko kwenye mfumo" bado hajakujibu.

Tena, usidhani kwamba kuomba kunasimamisha mnada. Ombi langu lilipokuwa mezani ghorofa ya pili, ghorofa ya nne walikuwa wakiniandalia notisi, na sidhani kama wahusika huwa wanasalimiana hata kwenye lifti. Andika barua ya pili kwa kitengo cha madeni, iambatane na nakala yenye muhuri, ukiomba mnada usubiri uamuzi. Wasipojibu na tarehe ikikaribia, muone wakili mapema kuhusu zuio la mahakama. Wakati wote huo endelea kulipa unachoweza na kutunza risiti, kwa kuwa swali la kwanza utakaloulizwa ni umelipa nini.

Barua ya kukubaliwa ikija, angalia tarehe ya rejesho la kwanza kabla ya kutia saini. Yangu iliangukia siku mbili kabla ya mshahara, na kuisogeza kulihitaji fomu nyingine, pamoja na taarifa ya benki, kurasa zote.